Ile rangi ya kijani kwenye ramani ya viwanja: ni ya maji, ya watoto, au ya dalali?

Wiki iliyopita shemeji yangu kanitumia picha ya brosha ya viwanja. Kampuni siitaji jina, na sehemu yenyewe ni kule tunakokimbilia wote siku hizi, barabara ya vumbi, "dakika tano tu toka lami", na dakika za dalali unazijua mwenyewe. Brosha nzuri kweli, viwanja vimepangwa kama trei ya mayai, alafu pembeni kuna kipande kirefu cha kijani kimeandikwa BUSTANI NA ENEO LA WAZI, na kamchoro ka mtoto anakimbiza mpira. Chini yake voisi ya dakika nne, ukitoa salamu na kikohozi swali ni moja: shemeji, hii sehemu ya kijani ni ya nani, na nani kaipitisha?

Nilitaka nimjibu kwa voisi na mimi nikaona hapana, hii kitu inachanganya watu wengi, ukikaa kwenye kijiwe chochote mjini utasikia mtu anasema mradi umepimwa, mwingine anasema umepitishwa na manispaa, mwingine anasema wana cheti cha mazingira, na wote wanadhani wanaongelea kitu kimoja. Sio kitu kimoja, na hapo katikati ndo watu wanapopigwa changa la macho.

Tuanze na maneno. Kupanga ni kitu kimoja, kupima ni kingine, kumilikisha ni kingine tena. Nenda kwa fundi cherehani utaelewa. Kupanga ni pale fundi anapochora na chaki kwenye kitambaa: hapa mkono, hapa kola, hapa pindo. Kwenye ardhi hiyo chaki inaitwa mchoro wa mipango miji, watu wa viwanja wanauita TP. Kupima ni mkasi, mpima anaenda saiti anachomeka bikoni (zile alama za zege za mipaka) pale mchoro uliposema, kisha inatoka ramani ya upimaji, na kila kipande kinapata namba na kitalu. Kumilikisha ndo hati, kukabidhiwa nguo yako, na hiyo hati ni ya miaka, 33 au 66 au 99, kwa sababu ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, we unapewa haki ya kuitumia. Sasa chaki unaweza ukaifuta ukachora upya. Mkasi ukishapita, kola iliyosahaulika imesahaulika.

Kwahiyo swali la eneo la wazi, la shule, la soko, la mfereji wa maji ya mvua, ni swali la wakati wa chaki, na hapo ndo halmashauri inapoingia. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inasema mamlaka ya upangaji ni halmashauri, na Dar tunazo tano, Jiji (ile iliyokua Ilala, imepandishwa 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hata kama shamba ni la mtu binafsi kalinunua kwa hela yake halali, na mchoro kauchora mtaalamu binafsi aliyesajiliwa, hawezi kuamka asubuhi akakata viwanja anavyotaka. Mchoro unapita halmashauri, wataalamu wanaukagua, unaenda kwenye kamati ya madiwani ya mipango miji na mazingira, alafu unapanda kwa watu wa wizara ya ardhi ndo unaidhinishwa. Mjumbe hayupo kwenye huo mstari. Mwenyekiti wa mtaa pia hayupo kama mpitishaji, tutamrudia.

Sasa kwa nini mtu mwenye shamba lake alazimishwe kuacha eneo? Hili watu wanalionea uchungu kabisa, wanasema ardhi yangu, hela yangu, kwa nini nigawe bure.

Fikiria daladala. Ile njia ya katikati ya siti hakuna abiria anayeilipia, kwenye hesabu ya tajiri haimo, kwa macho ya konda ni sehemu inayopoteza hela. Lakini bila ile njia hakuna mtu anayefika kwenye siti yake na hakuna anayeshuka. Ndo maana konda kazi yake ni kuijaza, "sogea nyuma kuna nafasi", na trafiki kazi yake ni kumkatalia. Eneo la wazi ni ile njia ya katikati. Muuza viwanja sio lazima awe mtu mbaya, ni konda tu, kila mita anayoiacha ni mita ambayo haiuzi, na ukaguzi wa halmashauri ni trafiki anayetakiwa amsimamishe kabla gari halijajaa. Akimsimamisha gari likishajaa, abiria ndo wanashushwa, na abiria ni wewe.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa naomba usiruke. Kwenye ramani kuna kijani mbili.

Kijani ya kwanza ni ya maji. Hii inatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ile maarufu ya mita 60: hakuna shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, mwambao wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Ukiweka na mikoko, ambayo ni msitu uliohifadhiwa, na mabonde yenyewe yanayobeba maji, unapata eneo ambalo halijengwi kwa sababu likijengwa maji yatakuja kulidai. Hujaachiwa wewe hilo eneo. Umekatazwa.

Kijani ya pili ni ya watu. Hii inatoka kwenye viwango vya mipango miji, yaani kanuni zinazosema idadi fulani ya watu inahitaji uwanja wa kuchezea wa kiasi gani, shule ya awali, shule ya msingi, zahanati, soko, sehemu ya ibada, na kadhalika. Hesabu yake inaanzia kwenye watu. Hili eneo linatakiwa liwe kavu, watu walifikie kwa miguu, mtoto aende arudi bila kuvuka korongo.

Umeona tofauti? Moja unaiacha kwa sababu huwezi kuitumia, nyingine unaiacha ili itumike. Na mchezo mkubwa wa kwenye michoro, ule ambao mkaguzi mzuri anaukamata na mkaguzi mvivu anaupitisha, ni kuhesabu kijani ya maji kama kijani ya watu. Bonde unaliandika bustani, kingo za mto unaziandika uwanja wa michezo, hesabu inatimia, brosha inapendeza, na konda kajaza gari.

Tupige hesabu, mfano tu wa kwangu, namba nimezichagua ziwe rahisi. Chukua shamba la hekta 20, yaani mita za mraba 200,000, karibu ekari 49 na kitu. Upande mmoja wa shamba unapakana na mto kwa urefu wa mita 300. Mita 300 mara 60 unapata mita za mraba 18,000, hekta 1.8, hiyo ni ya maji. Barabara tuseme zinakula robo, hekta 5. Huduma za watu, shule na uwanja na vinginevyo, tuseme hekta 2. Inabaki hekta 11.2. Ukikata viwanja vya mita za mraba 500, kama ile 20 kwa 25 ya mtaani, unapata viwanja 224.

Sasa huyu mwenzetu mjanja akisema zile hekta 1.8 za mto ndo eneo langu la wazi, sina haja ya hekta 2 nyingine, anabaki na hekta 13.2, viwanja 264. Tofauti viwanja 40. Ukiviuza milioni 10 kimoja, ni milioni 400 zimetoka kwenye neno moja tu lililoandikwa juu ya rangi ya kijani. Ndo maana nikisikia mtu anasema hivi vitu vya ramani ni urasimu wa ofisini nacheka kidogo.

Na watu watakaokaa kwenye hivyo viwanja ni wengi kiasi gani? Sensa ya 2022 wastani wa kaya kitaifa ni watu 4.3, kwahiyo viwanja 264 ni watu kama 1,135 kama kila kiwanja kina kaya moja, na we unaijua Dar, kiwanja kimoja kina nyumba kubwa, nyuma kuna vyumba vya wapangaji, mbele fremu mbili za duka. Mkoa mzima wa Dar ulikua na watu 5,383,728 kwenye sensa hiyo hiyo, hawakai hewani.

Kwa kulinganisha tu, California kule Marekani wana sheria inaitwa Quimby, inaruhusu mji kumtaka mgawa viwanja atoe ardhi ya bustani, au hela badala yake, kwa kipimo cha kuanzia ekari 3 kwa kila watu 1,000. Ekari 3 ni kama mita za mraba 12,000, yaani viwanja 24 vyetu vya mita 500. Na kule nako hawa wagawa viwanja wanabishana na miji kila siku kuhusu hicho hicho, bonde lihesabiwe au lisihesabiwe. Konda ni konda popote.

Haya, nani anakagua nini. Kuna milango miwili na watu wanadhani ni mmoja.

Mlango wa kwanza ni wa mipango, ule wa halmashauri niliousema. Afisa mipango miji anaangalia kama mchoro unaendana na mpango mkubwa wa jiji, sasa hivi kuna Mpango Kabambe wa 2016 hadi 2036, baada ya ile ya 1949, 1968 na 1979. Yaani kama mpango kabambe unasema hapo ni bonde la hifadhi we huwezi kuleta viwanja vya makazi. Anaangalia upana wa barabara, kama gari la zimamoto au la kunyonya maji taka linaingia na kugeuza, kama barabara zako zinaungana na za jirani au umechora mradi kama kisiwa. Anaangalia huduma za umma zimewekwa wapi. Afisa mazingira wa halmashauri naye ana sehemu yake hapo.

Mlango wa pili ni wa mazingira wenyewe, kupitia NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Miradi inapangwa kwa uzito, kuna ile ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili ya athari kwa mazingira, kuna ya katikati inayoangaliwa kwanza, kuna midogo. Kugawa kiwanja cha urithi vipande vitatu kati yako na dada zako sio sawa na kukata hekta mia mbili pembeni ya mikoko. Ukubwa na mahali ndo vinaamua. Kama tathmini inahitajika, mtaalamu anaenda saiti, anaandika ripoti, inapitiwa, na mwisho kinatoka cheti, kikiwa na masharti yake. Neno masharti lishike hapo hapo. Cheti hakisemi "fanya". Kinasema fanya ukitimiza haya, mfereji upelekwe huku, mita 60 ziachwe, maji taka yafanywe hivi. Brosha itakuonyesha cheti, kurasa za masharti hutaziona, we ziombe.

Na hapa ndo anaingia mwenyekiti wa mtaa. Kwenye tathmini sheria inataka wananchi washirikishwe. Mtaalamu anakuja, mkutano unaitishwa chini ya mwembe, inazunguka karatasi ya mahudhurio, watu wanasaini wakidhani ni ya soda. Ile karatasi inaenda kuwa kiambatanisho kwenye ripoti, wananchi wameshirikishwa na hawana pingamizi. Ukikuta mkutano wa hivyo mtaani kwako, usisaini ukaondoka, simama useme kitu na uhakikishe kimeandikwa, kwa sababu mzee aliyekaa hapo toka miaka ya 80 ndo anajua kwamba mwaka wa mvua za El Niño, ile ya 97 kuingia 98, maji yalifika kwenye ule mnazi. Mtaalamu alikuja Septemba, bonde kavu, ng'ombe wanachungwa, ataandika nini? Mwenyekiti hapitishi mradi, ila anajua maji yanapopita, na hilo mara nyingine lina thamani kuliko mhuri.

Ngoja niongelee maji kidogo maana Dar kila kitu kinaishia kwenye maji.

Shamba letu la hekta 20, ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku, na masika yetu hiyo sio mvua ya ajabu, yanadondoka juu yake maji mita za ujazo 10,000. Ni lita milioni 10. Ni matenki elfu kumi ya lita 1,000. Zamani pakiwa mikorosho na nyasi na mchanga, sehemu kubwa ardhi inakunywa taratibu. Sasa weka bati 264, uwanja wa kila nyumba umepigwa pevingi mpaka getini kwa sababu mama hataki vumbi, fensi ya tofali imezunguka, barabara imeshindiliwa kifusi. Hakuna pa kunywa. Yale matenki yote yanatafuta njia, na njia yao ni kiwanja cha chini kabisa, ambacho kwa kawaida ndo kile kilichouzwa kwa ofa.

Kwahiyo ukaguzi wa mazingira wa mradi wa makazi sio kulinda ndege na vyura peke yake kama watu wanavyotania. Unauliza maji ya hapa yataenda kwa nani. Goba na Salasala ukipita baada ya masika unaona makorongo yanavyokula barabara, na Jangwani sote tunajua, mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoka na watu, walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, kisha mwisho wa 2015 kuingia 2016 zikaja bomoabomoa za bonde la Msimbazi, alama X nyekundu ukutani. Wengi kwenye yale mabonde walikua na risiti, wana mashahidi, wana karatasi ya mtaa. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba ile kijani ni ya maji.

Kitu kingine kinachopitwa haraka ni choo. Maeneo mengi mapya hayana mtandao wa maji taka, kila mtu ana shimo lake, na kila mtu au jirani yake ana kisima kirefu. Viwanja vikiwa vidogo sana, shimo la huyu na kisima cha yule vinasalimiana chini kwa chini. Na pwani ukivuta maji ya kisima kupita kiasi chumvi ya bahari inaingia, waulize watu wa visima watakwambia. Idadi ya viwanja kwenye mchoro inaamua pia idadi ya mashimo, ndo maana saizi ya kiwanja ni suala la mazingira na sio la bei tu.

Sasa maneno ya mtaani ambayo nayasikia kila siku.

"Bikoni zipo, kwahiyo mradi uko safi." Bikoni ni zege na chuma, mtu yeyote anaweza kumwaga zege. Muhimu ni kama ile bikoni ina namba iliyoko kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na ile ramani inatokana na mchoro uliopitishwa. Kuna watu wanaanza na bikoni, wanauza, alafu ndo wanatafuta mchoro wa kuzihalalisha, mkasi kwanza chaki baadae. Ukiona mradi ambao viwanja vimeshaisha ila TP "iko wizarani inamaliziwa", jua umeshaanza kulipia kitu ambacho halmashauri bado ina haki ya kukichora upya, na kiwanja chako kinaweza kuangukia katikati ya barabara au ya shule.

"Eneo la wazi ni la kampuni, wakitaka watauza." Hapana. Mchoro ukishaidhinishwa eneo lile ni la matumizi ya umma na msimamizi wake ni halmashauri. Kampuni ikirudi miaka mitatu baadae ikasema tunakata viwanja sita pale kwenye uwanja maana watu wameongezeka (na watu wakiongezeka ndo kwanza uwanja unahitajika zaidi, lakini acha tu), hiyo ni kubadili matumizi ya ardhi na ina utaratibu wake wa maombi na tangazo ili watu wapate kupinga, kisha vikao. Shida ni kwamba tangazo mara nyingi hakuna anayelisoma.

"Mbona liko tupu tu, si bora lijengwe?" Hili linaniumiza zaidi kwa sababu wanaolisema ni majirani wenyewe. Eneo tupu linaanza kutupiwa taka, kisha gereji, kisha mtu anaweka mabanzi, kisha mabanzi yanakua tofali, na siku ya siku ana karatasi. Eneo la wazi halina mtu wa kulilia. Kiwanja chako ukikivamia kipande cha mita moja utaenda mpaka baraza la ardhi, lakini uwanja wa watoto wa hekta nzima ukiondoka kila mtu anadhani mwenzake ameshalalamika.

"Wana cheti cha NEMC, ina maana serikali imekubali." Cheti cha mazingira hakikupi umiliki wala hakiidhinishi mchoro. Ni mlango wa pili, wa kwanza bado upo pale pale. Na kinyume chake pia, halmashauri kupitisha mchoro haimaanishi hapafuriki, inamaanisha mchoro uliletwa ukakaguliwa kwa taarifa zilizokuwepo mezani siku ile.

"Mita 60 ni za mto Rufiji huko, sio hivi vijito." Sheria imesema ukingo wa mto, haikusema mto mkubwa. Ubishi unakuja kwenye makorongo ya msimu, hiki ni mto au ni mfereji tu, na mtu mwenye viwanja pale siku zote ataita mfereji. Mimi kipimo changu ni cha kienyeji, kama wenyeji wamepaita jina la mto, ni mto. Watu hawaupi jina mfereji.

Sasa shemeji nilimwambiaje afanye. Kwanza asiulize kampuni "mmepitishwa?", jibu siku zote ni ndio. Aombe namba ya mchoro ulioidhinishwa, aende nayo idara ya mipango miji ya manispaa husika, aombe kuuona, na auweke pembeni ya brosha. Sio kwamba atapokelewa kwa chai, anaweza kuambiwa njoo kesho mara mbili, ila aende. Akiwa na namba ya kiwanja na kitalu afanye sachi ya ardhi pia, hiyo ni ya kukagua mmiliki ni nani, ila haimjibu swali la kijani. Kisha kwenye mchoro aangalie kile kipande cha kijani kimeandikwa nini hasa, sio rangi, maandishi. Na kwenye ramani ya upimaji aangalie kama kina namba yake kama viwanja vingine au ni sehemu iliyoachwa bila jina, maana kisicho na namba ndo rahisi kupotea. Mwisho aende saiti, asiende na dalali, asimame kwenye ile kijani, aulize mama yeyote anayechota maji hapo karibu: masika hapa panakuaje?

Kaenda juzi, karuhusiwa kazini nusu siku. Mchoro upo, umeidhinishwa, hiyo kampuni haijadanganya hapo. Ila kile kipande kirefu cha kijani chenye mtoto na mpira, kwenye mchoro halisi kimeandikwa BONDE LA MTO, na uwanja wa michezo upo kweli, upande wa pili kabisa wa mradi, kadogo, kamezungukwa na viwanja, kana namba yake. Yaani halmashauri ilifanya kazi yake, imetenganisha kijani mbili kama inavyotakiwa, ni aliyechora brosha ndo kaamua kuziunganisha, na viwanja vinavyopakana na bonde vinauzwa ghali kuliko vingine kwa sababu eti vinatazama bustani.

Mama wa pale kisimani kamwambia masika ya 2024 maji yalivuka mpaka kwenye mwembe, na mwembe wenyewe upo ndani ya kiwanja alichokua anakitaka.

Kanitumia voisi nyingine jana usiku, hii ya dakika sita. Kiwanja anachukua, ila sio kile, anataka cha juu karibu na uwanja wa michezo. Kampigia dalali kumwambia, dalali kanyamaza kidogo, kisha kasema bosi wangu, vile vya juu vimepanda toka jumatatu.